Mpapai Dume na Wageni Wake wa Usiku

Enyi ndugu Waislamu, neno letu ni juu ya mti tulio nao uani, nao ni mpapai.

Mtu huitazama mipapai yake ikianza kutoa maua, akauona ulio dume, akaukata palepale. Husema, "Huu wala mbolea bure, hauzai." Asemaye hivyo hajapata kusimama chini ya mti huo baada ya Magharibi.

Saa hiyo maua ya dume, membamba, meupe, yaning'iniayo kwa vikonyo virefu, hunukia harufu tamu, na ndani yake mna maji matamu. Basi huja nondo wakubwa warukao kwa kasi, wakasimama hewani mbele ya ua pasipo kutua, wakatia ndani ulimi wao mrefu kama uzi. Unga wa ua, uitwao chavua, huwashika. Kisha huenda kwa jike, na hapa pana ajabu: ua la jike halina maji matamu hata tone! Nondo huuona weupe wake gizani, akadhani ni lile lile, akaonja, akakosa, akaenda zake. Lakini chavua amekwisha kuiacha, na papai limekwisha kutungwa.

Sasa ukiyakata madume yote, nondo atachukua nini? Mpapai dume mmoja kwa majike kumi hivi watosha. (Ipo mipapai yenye uume na uke katika ua moja, hiyo si maneno yetu hapa.)

Watu wa Madina walikuwa wakichavusha mitende kwa mikono yao, walipoacha, mazao yakapungua, na Mtume (s.a.w.) akawaambia kwamba mambo ya dunia yao wao wayajua zaidi. Sisi twafanyiwa kazi hiyo na mdudu, bila ujira, nasi twamkatia njia.

Wala si shoka peke yake. Wataalamu waliochungua mashamba ya mapapai nchini Kenya waliona kwamba yaliyo karibu na vichaka hupata nondo zaidi, kwani viwavi wao hula majani ya mimea ya porini. Basi achomaye kichaka chote amemnyima jirani papai lake, na jirani hajui amdai nani.

Aliyekwisha kunoa shoka, na aende kwanza kwa majirani zake, awaulize wamebakiwa na madume mangapi.