Kufu ya Nani?

Siku tatu baada ya kumaliza sehemu ya mwisho ya Zindagi Gulzar Hai niliitwa nyumbani kwa dada yangu, hapa hapa Tabora, kukaa kikao cha posa. Mimi ndiye mjomba wa binti, na mjomba haulizwi kama ana nafasi, anaambiwa saa. Nikaenda, nikavua viatu, nikakaa jamvini pamoja na wazee, nikanywa chai ya tangawizi iliyopikwa na huyo huyo tuliyekuwa tunamjadili.

Mposaji ni fundi pikipiki. Ana kibanda chake cha kazi, vijana wawili anaowafundisha, na jina zuri mtaani. Binti yetu ni muuguzi, ana stashahada na mshahara wa serikali. Barua ya posa ilikuwa imeandikwa kwa adabu, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na fedha kidogo, kama ilivyo desturi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka mimi, kwa kutaka nami nionekane mtu mzima, nikauliza: "Kwao hasa ni wapi?"

Swali dogo tu. Nilitegemea nitajibiwa Nzega au Urambo. Shangazi mmoja akashusha kikombe, akasema, "Watu wa zamani wanajua. Babu wa babu yake alifika hapa na mzigo kichwani, na hakuja kwa hiari yake." Kikao kikanyamaza. Mtu akakohoa. Kisha likatoka lile neno ambalo kila mmoja alikuwa nalo mdomoni: kufu. Eti si kufu yetu. Jibu likaahirishwa kwa wiki mbili.

Sasa, kwa ambao hawajaiona tamthilia yenyewe. Ni ya Pakistani, ilirushwa na Hum TV kuanzia mwishoni mwa 2012 hadi 2013, imeandikwa na Umera Ahmad na kuongozwa na Sultana Siddiqui. Jina lake, kwa tafsiri ya haraka, ni kwamba maisha ni bustani ya maua. Kashaf ni binti wa mwalimu. Baba yake alioa mke wa pili kwa sababu wa kwanza alimzalia mabinti watatu na hakuzaa wa kiume, akawaacha wajitafutie. Zaroon ametoka nyumba ya kitajiri, gari mlangoni, watumishi jikoni. Wanakutana chuo kikuu, ambako Kashaf anasoma kwa ufadhili, na wanachukiana kwelikweli. Miaka inapita, Kashaf anafaulu mtihani wa utumishi wa serikali, anakuwa ofisa, na mwishowe wanaoana. Kila mmoja anaandika kwenye daftari lake, na sisi watazamaji tunasomewa yote mawili, kwa hiyo tunajua wanavyosemana moyoni kabla wao wenyewe hawajajua.

Mpwa wangu ndiye aliyeniambukiza. Nilianza kuiangalia kwa kumridhisha, kwenye simu, nikihangaika na maandishi ya Kiingereza ya chini, nikajikuta nanunua bando usiku wa manane. Na nitakuambia kitu msomaji wangu: yule shangazi wa kwenye kikao ameiona pia. Ameiangalia pamoja na mpwa wangu, ametafsiriwa kila neno, na siku ya harusi ya Kashaf na Zaroon alipiga vigelegele.

Hapo ndipo pananisumbua. Mtu yule yule, jambo lile lile, machozi ya furaha kwa mmoja na kufu kwa mwingine. Tofauti ni nini? Nimefikiri, nikaona kwanza ni upande. Kashaf ni mwanamke anayepandishwa na mume, na sisi mwanamke akipandishwa tunasema ana bahati. Fundi wetu ni mwanamume anayeonekana kupandishwa na mke, na hiyo tunaiita aibu.

Wala hili si la kubuni la shangazi. Waliosoma fiqhi ya Kishafii, ambayo Waislamu wengi wa kwetu wanaifuata, watakwambia kufu inamwangalia mwanamume: asiwe chini ya mke kwa nasaba, kwa dini, kwa uhuru, kwa kazi. Mwanamke akiwa chini ya mumewe hakuna anayehoji. Lakini watakwambia pia jambo ambalo vikaoni huwa halisemwi sana, kwamba kufu ni haki ya binti na walii wake, na mwenye haki anaweza kuisamehe. Ni ngao aliyopewa mwanamke. Sisi tumeichukua ile ngao tukamfungia nayo mlango.

Ila nisiwaonee wazee. Hoja yao ina uzito, na tamthilia yenyewe inawasaidia. Ukidhani hadithi inaishia kwenye harusi umekosea, kwani baada ya harusi ndipo kazi inapoanza. Kashaf ameingia nyumba ya watu na hofu ya mama yake mgongoni. Kila Zaroon akikunja uso, yeye anaona mlango unafunguliwa ili atolewe. Anahesabu kila shilingi isije ikasemwa amefuata mali. Zaroon naye, aliyezoea kupewa, anadhani mke kunyamaza ndiyo mke kuridhika. Wanafika mahali pa kutengana kabisa. Mzee yeyote wa Kanyenye angeangalia sehemu zile akasema, "Si tuliwaambia?" Wanaotoka maisha mbalimbali hubeba nyumbani lugha mbili, na neno la kawaida kwa mmoja ni tusi kwa mwenzake. Hilo ni kweli. Anayesema mapenzi yanatosha hajawahi kukaa na mtu akahesabiwa vipande vya nyama kwenye sahani.

Basi kama kufu ina hekima, swali linalobaki ni hili: nani anashika mizani, na anapima nini?

Hapa Tabora tungepaswa kuwa wa kwanza kulijibu, maana mji huu ulijengwa kwa mizigo. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapa ikagawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walikuta Waarabu wa Omani na watu wa pwani wameshajenga matembe yao. Nguo na shanga zilipanda bara, pembe za ndovu zikateremka pwani, kila mzigo wa kilo 30 hivi juu ya bega la mtu. Wabebaji wengi walikuwa Wanyamwezi huru, waliolipwa. Wengine walikuwa watumwa. Kwenye vumbi la njia, ukiwatazama kwa mbali, usingejua yupi ni yupi.

Wasafiri wa karne ile waliandika kwamba kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani na mzigo hakuhesabiwa mwanamume kamili. Yaani mzigo ulikuwa cheti. Ukirudi na nguo zako na habari za bahari, umekuwa mtu wa kuozwa. Sasa angalia ajabu hii: mzigo kichwani, ambao shangazi aliutaja kama doa, katika nyumba nyingine za mji huu huu ulikuwa ndiyo sifa ya bwana harusi.

Na kuna ajabu kubwa zaidi. Pwani, muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Lakini kwenye misafara, waliojiita waungwana ni wabebaji na walinzi waliotoka pwani, na wengi wao walikuwa watumwa au walioachwa huru. Walilichukua neno la mabwana wakalivaa, likawakaa. Wakalibeba mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na ndiyo maana Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Leo ukisema fulani ni muungwana, hakuna anayeuliza babu yake. Tunamaanisha ana adabu, hadhulumu, hasemi ovyo. Lugha imeshaamua kesi hii zamani, imehamisha uungwana kutoka kwenye damu ikauweka kwenye mwenendo. Sheria nayo ilifuta hadhi ya utumwa Tanganyika mwaka 1922. Kilichobaki nyuma ni jamvi letu.

Lakini nisikimbilie kushangilia mwenendo na juhudi, kwa sababu hapo ndipo tamthilia inapotudanganya kidogo. Kashaf anakubalika baada ya kufaulu mtihani. Ana cheo, ana ofisi, watu wanasimama akipita. Hivi angefeli? Angebaki kufundisha watoto tuisheni kwa hela ya nauli, Zaroon angemtazama? Hadithi inajifanya imeuvunja ukuta kati ya tajiri na maskini, kumbe imempa maskini mmoja ngazi. Mtihani wa Kashaf ni kama safari ya pwani ya kijana wa Kinyamwezi: heshima, naam, lakini kwa aliyerudi. Walioishia njiani hawakuozwa na hawakuimbwa.

Halafu kuna lile la Zaroon mwenyewe. Kabla ya Kashaf alikuwa amechumbia msichana wa tabaka lake, wakaachana kwa sababu msichana alikuwa na uhuru mwingi kuliko alioutaka yeye. Ndipo akamwona Kashaf, mtulivu, mwenye kujistahi, aliyelelewa na dhiki. Wanaume tunaijua hesabu hii. Mara ngapi umemsikia msomi wa mjini akisema anataka mke wa kijijini, hawana makuu? Anayeoa chini mara nyingine havunji tabaka, analitumia. Anatafuta mtu ambaye hatakuwa na pa kurudi.

Kinachomwokoa Kashaf, na kwangu ndicho kinachoiokoa tamthilia, si mtihani. Ni kwamba anajua kusema hapana. Posa ya Zaroon ilipokuja mara ya kwanza aliikataa, pamoja na gari na jumba. Na ndani ya ndoa aliendelea kukataa yale asiyoyakubali. Zaroon alilazimika kujifunza kuishi na hapana ya mke wake. Siku alipoijua, ndipo walipokuwa sawa, ingawa akiba zao benki hazikuwa sawa.

Kwa hiyo mimi nasema kufu ni hii: kila mmoja aweze kumkatalia mwenzake bila kuogopa kufukuzwa, kupigwa wala kusimangwa. Mali inahusika, kwa sababu asiye na chochote hukubali kwa woga. Malezi yanahusika pia. Lakini hivyo ni vipimo tu, si kinachopimwa. Na babu wa babu hapimi chochote.

Nikakumbuka kwamba katika kikao kizima hakuna aliyemuuliza binti. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na sisi mwenye ridhaa tulikuwa tumemweka jikoni na birika. Siku ya pili nikamfuata alipotoka zamu. Nikamuuliza, na kama mwanamume akikuonea gere kwa ajili ya mshahara wako? Akacheka. Akasema waliwahi kugombana, fundi hakutaka achukue mkopo wa kiwanja, na yeye akamwambia mshahara ni wake na mkopo atachukua. "Akaninunia siku mbili, mjomba. Siku ya tatu akaja na maembe, akasema twende tukakione hicho kiwanja."

Kisha akanitazama. "Lakini mbona hukuuliza sisi tulikuja na nani?"

Nilikosa jibu. Nyumbani kwetu tumeambiwa siku zote kwamba asili yetu ni pwani. Nikiwa mtoto, karibu kila nyumba niliyoingia hapa mjini ilisema ni ya pwani. Sikuwahi kujiuliza kama watu wote hao walikuja na pembe zao wenyewe, au wengine walikuja wamebeba za watu, wakalivaa lile neno la waungwana, na wajukuu wakasahau kwamba lilikuwa vazi. Sidhani kama ni aibu. Ila najua nisingethubutu kulisema mbele ya shangazi, na kwa kutothubutu kwangu kijana wa watu amengoja wiki mbili.

Kikao ni Ijumaa baada ya Alasiri. Dada amenitumia ujumbe: nije mapema, na safari hii nisiulize maswali. Mapema nitakwenda. Swali ninalo moja, na safari hii litamwendea binti, akiwa amekaa jamvini pamoja nasi. Chai nitapika mimi.