Karamu ya Arusi na Deni Lake

Achukuliwe mfano wa kijana mmoja wa Kolwezi, mchimbaji wa shaba, ambaye amekwisha kulipa mahari, amekwisha kuandikisha ndoa mbele ya serikali, na sasa angoja siku ya kanisani. Miezi kumi ameweka fedha katika kikelemba pamoja na wenzake. Zamu yake imefika, na fedha alizo nazo zatosha kuwalisha watu 100. Lakini wajomba wameandika majina 300, nao wataka kuku, bia, na ukumbi wenye viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe. Je, akope, au apunguze? Wengi huliona swali hili kuwa la mfuko tu. Kumbe ni swali la haki.

Zamani shida hii haikuwa kali hivi. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake posho ya unga, na Gécamines iliyoshika mahali pake ikaendelea na desturi hiyo. Palipokuwa na arusi, jirani aliweza kutoa mfuko mmoja bila watoto wake kulala njaa. Kisha mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mishahara ikakatika, na katika 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kazini kwa malipo ya mara moja. Desturi ya arusi kubwa imebaki, ila ghala iliyoilisha haipo tena.

Wanaotetea deni wana neno lao, wala si la kudharauliwa. Husema kwamba mtu huoa mara moja, na kwamba mgeni aondokaye na njaa huondoka na jina la ukoo mzima. Hata Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani, aliihesabu arusi kati ya mambo yanayostahili gharama kubwa, kwa kuwa hutokea mara moja. Lakini katika fundisho lilo hilo alisema kwamba maskini ajaribuye kutoa kama tajiri ni mpumbavu, kwa maana hana cha kutolea. Akamcheka pia mtu awalishaye wenzake wa chama chakula cha siku zote kana kwamba ni arusi, ili mali yake ionekane tu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilifuata fundisho hilo katika karne ya 13: ukarimu hupimwa kwa uwezo wake atoaye.

Basi, mgeni adai nini kwa haki? Hadai bia. Adai kwamba, akiisha kualikwa kula, ale ashibe. Tena asidharauliwe mbele ya mgeni mwingine. Zaidi ya hayo ni zawadi, na zawadi haitolewi kwa mali ya mtu mwingine. Akopaye kwa ajili ya sifa huwalipisha wasiokuwako mezani: mkewe, atakayepokea nyumba yenye wadai mlangoni, na mtoto ambaye hajazaliwa. Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika arusi za namna hii mwenyeji ndiye auguaye.

Tena ubaya mkubwa wa karamu nyingi si uchache wa chakula. Ni ile meza ya wakubwa, iliyojaa kuku na chupa, huku bibi kizee aliyeamka saa kumi za usiku kutwanga sombe ameketi uani akingoja makombo. Mtume Paulo aliwakaripia Wakorinto kwa kosa la namna hiyo hiyo, walipokusanyika mmoja akashiba na mwingine akakaa na njaa. Hapo hata fedha zikiwa nyingi, karamu imeharibika. Watu 100 waliokula bukari sawasawa wameheshimiwa kuliko 300 waliopangwa kwa daraja.

Mtu atauliza habari za Kana: Bwana wetu si aliwapa divai tele? Ndiyo, aliwapa. Lakini yafaa kuangalia kwamba wenye arusi ile walipungukiwa, wala hakuna aliyewakemea kwa umaskini wao. Mama yake aliona upungufu kabla haujawa aibu. Watumishi hawakutumwa kukopa. Walijaza maji, kitu walichokuwa nacho. Na divai ile haikuacha deni nyumbani mwa mtu.

Yabaki mambo ya jikoni, ambayo wanawake wayajua kuliko wanafalsafa. Mfuko wa unga wa kilo 25 watosha watu 100, kila mmoja akikadiriwa robo kilo. Arusi na iwekwe kiangazi, baada ya mavuno ya mahindi, wala si wakati wa mvua, unga unapopanda bei. Ukame wa Zambia wa mwaka 2024 uliwaonyesha watu wa Katanga jinsi sufuria zao zinavyotegemea mashamba ya ng'ambo ya Kasumbalesa. Sombe ikipikwa kwa karanga na samaki wadogo wakavu haimwaibishi mtu yeyote. Mbuzi wakikatwa vipande vidogo na kutiwa mchuzi mwingi humfikia kila mmoja, jambo ambalo kuku wachache hawawezi. Watu na wale adhuhuri, mara baada ya Misa, kwa kuwa karamu ya usiku hudai kinywaji mpaka alfajiri. Na munkoyo, ikipikwa kwa unga na mizizi yake siku chache kabla, yaweza kujaza mapipa kwa gharama ndogo. Wazee huinywa kwa furaha, ingawa vijana hujifanya hawaijui.

Mjomba atakayeshikilia neno la bia na ajibiwe kwa heshima kwamba kreti yake itapokelewa kwa shukrani, nayo itawekwa katikati ya ua, si juu ya meza ya wakubwa.