Juha na Wanaomrudia

Kwa miongo mingi Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo, na wasomaji wakampenda mtu ambaye jina lake lenyewe linamtangaza mpumbavu. Tunampendaje asiye na sifa za kupendewa? Aristotle aliona urafiki kamili ni wa watu wema, kila mmoja akiupenda wema wa mwenzake. Kwa kipimo hicho Juha hapati rafiki. Lakini tazama katuni ya gazetini inavyokwenda: visanduku vichache vinamtumbukiza kosani, cha mwisho kinamwacha ameumbuka, na toleo lijalo yupo tena na ujuha wake uleule, msomaji akifungua ukurasa kumtafuta. Hakuna aliyemwahidi kwamba leo atakuwa na akili. Naamini mvuto wa katuni hizi uko hapo: zinatuzoesha kumrudia mtu kabla hajatengemaa.

Wapo watakaosema tatizo la katuni hizi ni picha yenyewe, maana hadithi za Mtume zinawaonya vikali wachora viumbe. Lakini hadithi hizohizo zinatueleza wanasesere wa Bi Aisha, na farasi wake mwenye mbawa aliyemchekesha Mtume. Juha yuko karibu na farasi yule, hakuna anayemsujudia. Pingamizi zito ni jingine: je, kumvumilia mkosaji si kulilea kosa? Imamu Ghazali, katika Ihya, anawataja masahaba wawili waliohitilafiana juu ya ndugu aliyeteleza. Abu Dharr aliona akigeuka aachwe. Abu Dardaa alikataa, kwani mtu hupinda leo, kesho akanyooka. Ghazali akaelekea kwa Abu Dardaa, akisema ndugu humhitaji nduguye zaidi dini yake inapoyumba, kuliko ambavyo angemhitaji mali ikimwishia. Mzazi wa Diani ambaye mwanawe ana rafiki aliyeingia kwenye unga atauliza kama kumrudia huko si mlango wa kuwaangamiza wote wawili. Hofu yake ni ya haki, na subira isiyokemea si mapenzi. Ila kumrudia teja si kukaa naye maskani anapovuta. Ni kumnyima pesa na kumpa chakula, kumwambia wazi kwamba anajiua, kumsindikiza kliniki, na akitoroka, kumsindikiza tena. Akitengwa na wote, anayebaki kumpokelea simu ni yule anayemuuzia.