Faru wa Tsavo Hawakufa kwa Sindano

Mwishoni mwa Juni 2018, Kenya ilianza kuwahamisha faru weusi kutoka hifadhi za Nairobi na Ziwa Nakuru kwenda eneo jipya lililotengwa kwa ajili yao ndani ya Tsavo Mashariki. Walipangwa 14, wakapelekwa 11. Haukupita muda mrefu, 10 wakafa. Wa mwisho alishambuliwa na simba, naye akafa.

Kwetu Korogwe, Tanzania, habari hiyo si ya mbali. Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, inapakana na Tsavo Magharibi, na faru wake waliletwa: wa kwanza mwaka 1997 kutoka Afrika Kusini, wengine baadaye kutoka Ulaya. Vijana wetu wanaokwenda vyuo vya Mweka, Pasiansi au SUA kusomea wanyamapori huondoka na picha moja kichwani: helikopta, bunduki ya usingizi, mnyama anayumba na kuanguka. Picha hiyo inanitia hofu, kwa sababu faru wale 11 walilala, wakapakiwa, wakasafiri na kushuka wakiwa hai.

Kilichowaua wale 10 kilikuwa kinawasubiri. Maji ya visima vya kule yalikuwa na chumvi nyingi. Mnyama aliyezoea maji baridi akiyanywa, chumvi inamzidi mwilini na kiu inapanda, kwa hiyo anarudi kunywa yaleyale. Uchunguzi ulikuta pia njaa na vidonda vya tumbo. Na Kenya haikuwa ngeni katika kazi hii: kati ya 2005 na 2017 ilihamisha faru 149, wakafa wanane tu.

Sisemi kazi ya sindano ni nyepesi. Kabla etorfini, dawa ya usingizi, haijaingizwa kwenye mshale, dawa ya kuizimua lazima iwe tayari, ya mnyama na ya binadamu pia, maana tone likipenya kwenye mkwaruzo wa kidole linaweza kumuua mtu. Faru akishaanguka hufungwa kitambaa machoni na kuzibwa masikio. Mmoja anahesabu pumzi, mwingine anapima joto, mwingine anammwagia maji mwilini. Hakuna anayepaza sauti.

Lakini mauti mengi huja baadaye. Swala au pundamilia aliyekimbizwa kupita kiasi misuli yake huharibika, na anaweza kufa siku kadhaa baada ya kuachiwa, wakati waliomkamata wamesharudi makwao na kuandika ripoti kwamba amekamatwa salama. Mafunzo yanayoishia pale mnyama anapoinuka yamekatishwa nusu ya kazi.

Ningekuwa na sauti katika mitaala, mwanafunzi angepelekwa kwanza kwenye malambo wakati wa kiangazi, jua linapokausha maji na chumvi kubaki, ayapime kabla ya kushika bunduki. Kisha angekaa zizini na mnyama aliyehamishwa kwa wiki nzima, akiandika amekunywa kiasi gani, majani gani ameyagusa na yapi ameyaacha, kinyesi chake kikoje. Chakula kikilala horini bila kuguswa, ampigie daktari simu asubuhi hiyohiyo, na mnyama asifunguliwe lango hadi aanze kula.