Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Umegongwa na Asiye na Bima, Haki Iko Wapi?



Ndugu zangu katika imani, mama zangu, dada zangu na vijana wetu. Alhamdulillah, Allah ametufikisha siku ya 12. Swaumu zetu Allah azitakabali.

Leo tuzungumze jambo la barabarani. Kuna mtu atashangaa, barabara na Ramadhani vinahusiana nini? Vinahusiana sana. Nenda kasimame barabarani saa kumi na mbili kasorobo jioni uone. Kila mtu anakimbilia futari. Magari yanapita pembeni, bodaboda wanapita wasipotakiwa kupita, bajaji inageuza katikati ya njia. Tumefunga tumbo, lakini mguu ulio kwenye mafuta haujafunga.

Chukueni mfano huu. Mama anauza vitumbua kando ya njia, kijana wa bodaboda anatoka upande usio wake, anamgonga. Mguu umevunjika, ndoo ya unga imemwagika, mtaji umekwisha. Watu wanakuja, wanaangalia stika ya bima, imeisha zamani. Pikipiki yenyewe si ya kijana, yeye anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Mfukoni ana elfu saba.

Sasa jamani, hapo dini inasema nini? Maana hapo ndipo utasikia maneno ya kila aina.

*Neno la kwanza: "Ni kadari ya Mungu, mama samehe tu."*

Ni kweli, hakuna kinachotokea ila kwa kadari ya Allah. Hilo ni katika nguzo za imani yetu. Lakini kadari si risiti. Huwezi kuvunja mguu wa mtu ukamwonesha kadari ukaondoka.

Imekuja katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, mke mwingine akatuma chakula kwenye bakuli. Yule mwenye nyumba akampiga mkono mtumishi, bakuli likaanguka likavunjika. Mtume (s.a.w.) hakugomba. Aliokota vipande, akakusanya chakula, akawaeleza waliokuwepo kwa upole kwamba mama yenu ameshikwa na wivu. Lakini hakuishia hapo. Alimzuia mtumishi asiondoke mpaka likaletwa bakuli zima kutoka nyumba ile ile, likapelekwa kwa mwenye bakuli, na lile lililovunjika likabaki kwa aliyelivunja.

Tazameni mafunzo mawili yaliyomo humo. Upole upo, na fidia ipo. Kimoja hakikuondoa kingine. Kama bakuli moja lilirudishwa zima, mguu wa mama wa watoto watatu je?

*Neno la pili: "Mpigeni huyo! Chomeni pikipiki!"*

Hawa ndio wananchi wenye hasira kali. Upande mwingine wapo wenzake kijana: bodaboda ishirini wanajaa, wanamtisha aliyegongwa mpaka anajiona yeye ndiye mkosa. Yote mawili ni dhulma. Tumepokea kwa Mtume (s.a.w.) kanuni kwamba hapana kudhuru wala kulipizana madhara. Ukichoma pikipiki, mguu wa mama haujapona, na chombo ambacho kingetoa fidia umekiteketeza. Na ukimpiga kijana akafa, wewe sasa una damu shingoni, tena ukiwa umefunga.

*Sasa aliyegongwa afanye nini?*

Kwanza, mama yangu, ndugu yangu, ujue kudai haki yako si uchache wa imani. Katika Suratu Shuura, aya ya 40 na 41, Allah amesifu msamaha na kuahidi malipo kwa anayesamehe na kusuluhisha, na hapo hapo akaweka wazi kwamba aliyedhulumiwa akidai haki yake hana lawama. Milango yote miwili iko wazi, na anayechagua ni aliyeumia. Si jirani, si trafiki, wala si imamu. Tusimshike mtu mkono hospitalini tukamwambia "sema umesamehe" wakati hajui hata mguu utapona au la. Msamaha wa kulazimishwa si msamaha.

Basi fuata njia. Aliyeumia apelekwe hospitali kwanza, na ichukuliwe fomu ya PF3 polisi. Kama hali haimruhusu kufunga, afungue, atalipa siku nyingine, Allah amemruhusu katika Suratul Baqara. Wenzake wapige picha: namba ya chombo, leseni ya dereva, pale ilipotokea. Chukueni majina ya walioona kabla hawajatawanyika. Hakikini bima kwa namba ya chombo kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, msiamini stika tu, maana stika za bandia zipo. Na ulizeni swali ambalo wengi wanalisahau: hiki chombo ni cha nani?

Risiti zote ziwekwe. Dawa, picha ya mguu, nauli ya kwenda kliniki, siku ambazo mama hakuuza. Kama ni gari limebonyea, chukua makadirio kwa mafundi wawili.

Na hapa nataka niseme na aliyegongwa kwa ukweli. Kudhulumiwa hakukupi ruhusa ya kudhulumu. Kuna mtu kagongwa taa ya nyuma, anataka alipiwe na bampa ya mbele iliyovunjika mwaka jana. Anamwambia fundi, "Andika laki nne, wewe chukua yako." Ndugu yangu, unakumbuka hadithi ya muflisi katika Sahihi Muslim? Mtu anakuja Siku ya Kiyama na swala, swaumu na zaka zake, lakini huyu alimtukana, yule alimla mali yake, mwingine alimpiga. Mema yake yanagawanywa mpaka yanakwisha, kisha anabebeshwa madhambi ya wale aliowadhulumu. Swaumu ya leo yote unaweza kuiuza kwa bampa moja.

*Na kama hana kitu?*

Hili ndilo swali gumu. Kijana ana elfu saba, hospitali inataka laki nane. Wengi hapa hukata tamaa: "Nimdai nini?" Wengine humweka ndani tu ili roho itulie.

Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, Allah ametaja hukumu ya Nabii Daud na Nabii Suleiman (a.s.) kuhusu kondoo walioingia usiku kwenye shamba la watu. Wafasiri wameeleza kwamba Daud aliona mwenye shamba apewe wale kondoo. Suleiman akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anufaike na maziwa na sufi, na mwenye kondoo aende alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa. Kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Allah akasema kwamba Suleiman ndiye aliyefahamishwa jambo lile, na wote wawili aliwapa hekima na elimu.

Angalieni akili iliyomo. Shamba limerudi. Kondoo wamerudi. Aliyeharibu ndiye aliyetoka jasho, na hakuna aliyefilisika. Mwenye kuumia hakupewa maneno matupu, na mwenye kosa hakuvunjwa asiweze tena kulipa.

Basi kijana asiye na fedha ana mikono, na chombo kina kazi. Kaeni pamoja, mbele ya wazee na serikali ya mtaa au polisi. Mpangeni alipe kidogo kidogo, kila wiki kiasi fulani. Kama mama hawezi kusimama kuuza, kijana na nduguze waangalie namna ya kumsaidia biashara isife. Na yaandikwe! Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Msiachane kwa "tutaonana". Andikeni kiasi, tarehe na majina, muweke sahihi.

Na aliyeshikwa na dhiki ya kweli, aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inaamuru apewe muda mpaka awe na nafasi, na kumsamehe ni bora zaidi. Huo muda ni wa mwenye dhiki, si wa mjanja. Mtu anayebadilisha laini ya simu baada ya kuandikiana, huyo hana dhiki, huyo anakimbia. Huyo mpelekeni mahakamani na wala msione haya.

Na yale ya kumpa mtu kitu kidogo ili kesi ipotee, hayo si suluhu. Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kupokea. Suluhu ni haki kumfikia mwenye haki.

*Wewe mwenye chombo*

Sasa nigeuke huku, maana naamini wenye vyombo wako wengi kwenye safu zetu. Una pikipiki mbili, una bajaji, una daladala. Kila jioni hesabu inakuja. Siku hesabu ikipungua buku unapiga simu mara tatu. Bima ikiisha, unasema, "Tutaona mwezi ujao."

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kutumia chombo barabarani bila walau ile bima ndogo, na haimkatazi dereva peke yake. Inamkataza pia anayemruhusu mwingine akitumie. Sheria ya nchi inakuona hata ukiwa umekaa sebuleni. Na Allah je?

Tunajidanganya kwamba bima ndogo ni ya kuwatoroka trafiki. Hapana. Bima ndogo haikutengenezei gari lako, ni ya kumlipa yule utakayemgonga. Ni haki ya yule mama wa vitumbua ambaye bado hujakutana naye. Usipoikata, umeamua kabla hata ya ajali kwamba yeye ndiye atakayebeba hasara. Mtume (s.a.w.), ngamia wa Al-Baraa bin Azib (r.a.) alipoharibu bustani ya watu, alihukumu kwamba wenye bustani walinde bustani zao mchana, na wenye wanyama wawajibike kwa wanachoharibu usiku. Yaani mwenye mali ana wajibu wa kuizuia isidhuru watu. Pikipiki yako ni ngamia wako.

Najua kuna atakayeuliza, "Sheikh, bima si haramu?" Swali zuri. Jopo la kimataifa la fiqhi lililokaa Jeddah mwaka 1985 lilikataza bima ya kibiashara kwa sababu ya ghararu iliyomo, na likaruhusu bima ya kusaidiana, ambayo ndiyo msingi wa takaful. Palipo na takaful, hiyo ndiyo ya kuitafuta. Ambapo sheria inakulazimisha na hujapata takaful, wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu kiasi kile cha lazima. Lakini ajabu yetu ni hii: mtu anasema bima ni haramu, hakati, halafu akigonga hamlipi aliyegongwa. Kumbe hakuwa anakimbia haramu, alikuwa anakimbia gharama! Kama unajiepusha na bima kwa uchamungu, basi weka fungu la kuwalipa watu.

Na kama ajali imetoa roho ya mtu, jambo ni zito zaidi. Suratu Nisaa, aya ya 92, imeweka kwa anayeua kwa kukosea diya kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wao wasamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyepata ni kufunga miezi miwili mfululizo. Familia ikisamehe diya, kafara inabaki, maana hiyo ni haki ya Allah. Sisi tunahesabu siku 30 tunaona ndefu. Aliyefikwa na hili asinyamaze, amwone sheikh aelekezwe.

*Na sisi jamaa wa msikiti*

Zamani diya ya kuua kwa kukosea haikubebwa na mtu mmoja. Wanawake wawili wa Hudhayl walipogombana, mmoja akampiga mwenzake jiwe akafa, Mtume (s.a.w.) alihukumu diya iwe juu ya jamaa wa upande wa baba wa aliyeua. Ukoo mzima ulichanga. Siku hizi kila mmoja na lake.

Basi Ramadhani hii tufanye jambo. Kwenye watu wanane wa zaka katika Suratu Tawba wamo wenye madeni walioelemewa. Mama mwenye deni la hospitali na hana pa kulipia, mfikirie kwenye zaka yako. Hata kijana aliyetubu, analipa kidogo kidogo na ameshindwa, naye muulizieni kwa mashekhe wetu. Mnakumbuka Mtume (s.a.w.) aliposita kumswalia maiti mwenye deni, Abu Qatada (r.a.) akasimama akasema deni lile ni juu yake, ndipo akamswalia. Mtu mmoja tu alisimama. Kwenye safu zetu nani atasimama?

Kazi ya leo ni ndogo. Kabla ya futari, mwenye chombo akaangalie tarehe ya bima yake. Mwenye deni la ajali ampigie simu anayemdai, hata kama ana elfu tano tu ya kumtumia. Na sote tunaoendesha, tutoke mapema. Tende na maji vinatosha kufungulia njiani, futari inasubiri. Mguu wa mtu hausubiri.

Allah awaponye waliolala hospitali kwa ajali, awarehemu waliotangulia, awape nafasi wenye madeni walipe, na atulinde tusimkute Siku ya Kiyama mtu tuliyemwacha barabarani. Aamiin.

Mwenye swali tuonane baada ya tarawehe. Mtumie na mwenzako mwenye pikipiki.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.