Kwani Alimfanya Nini?

Mwanamke akiuawa hapa Kenya, kuna swali huja hata kabla ya mazishi: kwani alimfanya nini? Sisi tunaliuliza mtandaoni na kwenye matatu. Uturuki linaulizwa mahakamani, na jibu lake linaweza kumpunguzia muuaji miaka.

Kifungu cha 29 cha Kanuni ya Adhabu ya Uturuki, iliyoanza kutumika 2005, kinasema hivi: mtu akitenda kosa kwa hasira au uchungu mkali uliotokana na tendo lisilo la haki, adhabu yake ipunguzwe. Aliyestahili kifungo cha maisha chenye masharti makali anapewa miaka 18 hadi 24. Aliyestahili kifungo cha maisha cha kawaida, miaka 12 hadi 18. Makosa mengine yanapunguziwa kuanzia robo moja hadi robo tatu.

Wazo lenyewe sina shida nalo. Anayepanga kuua akiwa ametulia si sawa na aliyelipuka baada ya kuumizwa. Hata sheria yetu, kifungu cha 207, humtazama tofauti mtu aliyeua kwa hasira ya ghafla baada ya kuchokozwa. Na huko Adana, mwaka 2015, mwanamke alimuua kwa risasi mume aliyekuwa akimtesa. Alihukumiwa miaka 15, si maisha, kwa sababu mahakama ilikubali kwamba alichokozwa. Ukifuta kifungu hicho leo, watu kama yeye ndio wa kwanza kuumia.

Basi shida iko wapi? Iko kwenye maneno “lisilo la haki”. Kusema kwamba muuaji alikuwa na hasira ni kumwongelea muuaji. Kusema kwamba alikosewa ni kumhukumu marehemu, na marehemu hawezi kusimama akajibu.

Julai 2020, mkoani Muğla, mwanafunzi wa chuo kikuu wa miaka 27 aliuawa na mwili wake ukachomwa ndani ya pipa. Mshtakiwa alidai kwamba msichana huyo alikuwa akimtishia ili ampe pesa. Juni 2022 mahakama ilimpa miaka 23 badala ya kifungo cha maisha, ikisema alichokozwa. Hukumu hiyo iliwatoa wanawake barabarani, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Lakini fikiria tu: mtu mmoja ameziba mdomo wa mwenzake milele, halafu anaitwa atueleze huyo mwenzake alisema nini.

Tena, si kila hasira huaminika. Mhudumu wa hoteli hutukanwa na wateja kila siku. House help hufokewa mbele ya watoto. Hao wote tunatarajia wameze na warudi kazini. Hasira tunayoielewa haraka ni ya yule aliyezoea kutiiwa. Ndiyo maana mwanamke akiomba talaka, akikataa kurudiana, au akimjibu mumewe mbele ya watu, kuna mtu atasema “alimchokoza”. Hadi 2003, Uturuki ilikuwa na kifungu cha 462 kilichompunguzia adhabu aliyemuua mke au dada yake aliyefumaniwa. Kifungu kilifutwa, ila fikra iliyokiandika haikufutwa nacho.

Kwa hivyo mimi singekiondoa kifungu cha 29. Ningekiwekea masharti mawili. Kwanza, neno la muuaji peke yake lisitoshe. Uchokozi uthibitishwe na kitu kingine. Pili, kabla ya kusema mtu alikosewa, tuulize: je, tendo hilo lingekuwa kosa kama lingefanywa na mtu ambaye hatumdai utiifu? Kupiga ni kosa hata akipiga nani. Kutishia pia. Lakini mpangaji akihama, mfanyakazi akiacha kazi, rafiki akikoma kupokea simu, hakuna hakimu atakayeita hiyo dhuluma.

Mke akiondoka, iwe vivyo hivyo. Kuachwa kunauma, najua. Lakini aliyekuacha hajakudhulumu, na uchungu wako si deni analopaswa kulipa yeye.