Kura ya Katniss: Ushujaa na Kisasi katika Mockingjay

Wahakiki wanaomsifu Katniss Everdeen, nguli wa riwaya ya Suzanne Collins, The Hunger Games (2008), aghalabu huanzia pale anapojitolea kuingia uwanjani badala ya mdogo wake, Prim, mwenye umri wa miaka 12. Hapo hapana mjadala. Swali gumu limo katika juzuu ya tatu, Mockingjay (2010). Prim amekwisha kufa, waasi wameshinda, na Rais Coin awataka washindi saba waliosalia wapige kura: je, watoto wa Capitol nao waingizwe uwanjani wauane, kama walivyouana watoto wa wilaya? Katniss aafiki, akimtaja Prim. Pendekezo lapita kwa kura nne dhidi ya tatu.

Wapo wanaodai kuwa hiyo ilikuwa hila ya kumpumbaza Coin, ambaye Katniss anamwua kwa mshale baadaye. Yamkini ni kweli. Lakini msimulizi huyu wa nafsi ya kwanza, ambaye kwa juzuu tatu ametufunulia hata njaa ya tumbo lake, hapa haelezi nia yake. Na tukikubali kuwa ni hila, rehani yake ni nini? Ni watoto ambao hawakuulizwa. Mshale ungekosa shabaha, kura ingebaki. Peeta, aliyeteswa katika kifungo cha Capitol, akataa papo hapo. Hana upinde wala mpango. Na mhakiki anayemtafuta binti shujaa humpita haraka mno.